Siku Tuliyowapikia Wageni Mbegu

Jumapili, asubuhi. Jua limeshakuwa kali na hata chai haijachemka. Mawingu yapo, lakini yamesimama mbali, upande wa Geita, meusi kabisa, kama yanamsubiri mtu huko. Huku kwetu hata kivuli hayatupi.

Nimekaa nje ya jiko na simu yenye chaji kidogo. Mwanangu Limi anacheza na kuku aliyebaki. Mama mkwe wangu, ambaye hapa nyumbani tunamwita Mayu, yuko ndani na hajatoka tangu kulipokucha. Si kawaida yake. Mayu huamka kabla ya jogoo na kumsema jogoo kwa uvivu.

Nataka niandike ya juzi Ijumaa kabla sijaanza kuyapamba. Mdogo wangu aliponifungulia ukurasa huu aliniambia, dada, andika tu kama unavyoongea, usijifanye mwalimu. Nimeishia darasa la saba, sina cha kujifanyia. Lakini siku mbili hizi kila nikifumba macho namsikia Baba Limi, na nikiandika huwa ananyamaza kidogo.

Ndiyo, namsikia. Sijamwambia mtu.

Alikuwa na tabia akitoka shambani, hapigi hodi. Anagonga jembe kwenye jiwe la mlangoni, mara tatu nne, udongo udondoke, ndipo anaingia. Jembe lake liko kwa kaka yake tangu mwaka jana. Lakini upepo ukianza kunukia mvua nasikia ko, ko, ko, pale kwenye jiwe. Nikitoka hakuna kitu. Mwezi huu wa kumi na mbili upepo umenukia mvua karibu kila jioni. Mvua yenyewe haiji.

Nieleze kwa mtu asiyejua huku kwetu. Kijiji chetu kiko mbele ya Samuye kama unatoka Shinyanga mjini. Tunalima mahindi, pamba, viazi, wengine dengu. Zamani, wanasema wakubwa, mvua ikianza imeanza. Siku hizi mvua ya kwanza inakuja kama mchumba mwongo. Inanyesha usiku kucha, udongo unalainika, kijiji kizima kinaingia shambani na mbegu. Mahindi yanaota, yanafika kwenye kifundo cha mguu, unayapenda. Halafu mvua inaondoka. Inakaa huko iliko wiki na wiki. Ikirudi, inakuta majani makavu, na mtu ambaye hana mbegu nyingine.

Hapo ndipo tunapofia. Si kwenye ukame wenyewe. Kwenye kupanda mara ya pili.

Mbegu ya ruzuku inakuja mara moja. Ukishachukua umechukua, msimu wako umekwisha kwenye hesabu zao. Wao wanahesabu msimu mmoja, kupanda kumoja. Sisi shamba moja tunalipanda mara mbili, na mwaka mbaya mara tatu.

Mwaka jana Baba Limi alipanda, yakafa. Akasimama katikati ya shamba mikono kiunoni, akacheka. Akaniambia, "Mama Limi, haya mahindi yamenishinda kiburi." Wiki ile ile akaondoka kwenda Geita kuchimba, apate cha kununulia mbegu ya kurudia kabla mvua haijarudi. Limi alikuwa hajaanza kutembea. Alimwinua juu, akamwambia nikirudi nikukute unakimbia.

Sasa anakimbia.

Alikuja jirani mmoja waliyechimba naye. Alikaa pale pale nilipokaa mimi sasa. Alisema kifusi kilishuka kwenye duara, ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, wengine walitolewa na wengine hawakufikika, na mwishowe lile duara likafungwa. Baba Limi alikuwa chini. Mayu alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza swali moja tu.

"Ulimwona?"

"Mayu, chini kule hakuna kuonana."

"Nakuuliza ulimwona amekufa?"

"Sikumwona."

"Basi hajafa. Kunywa uji."

Ndivyo ilivyoisha. Hatukulia. Hatukuita watu. Hatukunyoa nywele. Ndugu walijaribu kusema, Mayu akawafukuza kwa fimbo ya ng'ombe, kweli kabisa, kaka yake mume wangu alikimbia mpaka kiatu kikabaki. Tangu siku hiyo katika nyumba hii neno lile halikutamkwa. Tukimtaja tunasema, yule aliyesafiri.

Nami nilikubali. Nilikuwa nampenda Mayu, na ukimpenda mtu unamwachia alichoshika.

Shamba la mwaka jana halikutupa kitu isipokuwa mashina machache yaliyoota kuzunguka kichuguu. Pale udongo unashika maji. Yalizaa mahindi ya ajabu, marefu, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Mayu aliyavuna mwenyewe. Akayafunga mawili mawili kwa maganda yake, akayatundika jikoni juu ya moto, pale moshi unapopita, wadudu wasiyaguse. Akasema, "Haya ni ya kurudia. Yule aliyesafiri akija akute mbegu ipo, asiondoke tena."

Mwaka mzima nimepika chini ya mahindi yale. Yalikuwa meusi kwa moshi, na usiku moto ukicheza yalikuwa kama watu wamekaa darini wanatuangalia. Tulikula michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa, asubuhi michembe, jioni michembe, Limi analia hataki, na hakuna aliyenyoosha mkono juu.

Mwezi uliopita mvua ya kwanza ilikuja. Tukapanda ile mbegu ya ruzuku. Ikaota. Mnajua kilichofuata.

Basi wiki iliyopita mwenyekiti wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba. Wageni wanakuja kutoka Dodoma, wanatengeneza upya sera ya taifa ya mabadiliko ya tabianchi, na safari hii wanataka maoni ya wakulima wenyewe. Alikuwa na furaha kama mtu anayeoza binti. Akasema jambo hili ni kubwa, halijawahi kutufikia, watu wajitokeze, na wageni wale vizuri. Nyumba fulani kuku, nyumba fulani kuni, Mama Shija mboga. Kwetu hakuomba kitu. Alijua.

Ijumaa alfajiri niliingia jikoni kuwasha moto, nikaona kuna mwanga mahali ambapo hapakuwa na mwanga. Dari ilikuwa tupu.

Mayu alikuwa amekaa chini anapukuchua. Lile rundo la mwisho lilikuwa mapajani mwake.

Sijawahi kumfokea Mayu, na siku ile sikumfokea. Nilisema tu, "Mayu, hiyo ni mbegu." Kama vile hajui.

Hakuinua macho. Akasema, "Mgeni aliyetoka Dodoma nimpe michembe?"

"Mwenyekiti hakutuomba kitu."

"Ndiyo maana natoa. Ukiombwa si kutoa, ni kulipa."

Nikapiga magoti. Nikamwambia mvua itarudi, Mayu, itarudi mwezi huu au ujao, tutapanda nini? Hapo ndipo akaniangalia. Akasema polepole, kwa Kisukuma, na mimi nimelitafsiri kichwani mara mia tangu juzi. "Mwanangu naye ni mgeni mahali. Hajulikani kwa nani. Nikimnyima mgeni wa watu chakula, huko aliko nani atampa mwanangu?"

Nilisimama. Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji. 

Mayu akaenda mashine, akarudi na unga. Mweupe, una harufu kidogo ya moshi.

Mkutano ulikuwa darasani shuleni. Wageni walikuwa wanne na dereva. Aliyekuwa anaongoza ni dada mmoja mwenye miwani, umri wa dada yangu mkubwa, mpole, sauti imekauka kwa vumbi la vijiji vyote alivyopita. Nilimpenda, niseme ukweli. Aliamkia wazee kwa Kisukuma, "mwangaluka", akakosea kuvuta sauti, watu wakacheka, naye akacheka. Alikuja na karatasi kubwa, akazibandika ubaoni, na kalamu nene ya wino.

Walikula kwanza, kwa sababu mwenyekiti alisema mgeni hasemi na njaa. Sisi akina mama tuliwanawisha. Mimi ndiye niliyeuweka ule ugali mezani. Mikono yangu. Dereva alimega tonge, akatafuna, akaacha kutafuna. "Huu ugali una ladha bwana. Mahindi ya wapi haya?"

Mayu alikuwa amekaa kwenye dawati la mbele kama mtoto wa darasa la kwanza, kavaa kitenge chake cha kanisani. Uso ukamng'aa. "Ya kichuguuni kwa mwanangu," akasema. "Kula, baba. Kula, ushibe."

Nami nikatazama wakila. Sina hasira nao. Walikula kama watu waliotoka mbali. Lakini kila tonge lililoshuka niliona shina la hindi. Niliona linaota, linabeba, linakauka, linavunwa. Sufuria ile ilikuwa na shamba zima, na likaisha, na dereva akafuta vidole.

Kisha yule dada akaanza kuuliza. Na hapa ndipo penye jambo ambalo nadhani Dodoma hawalijui, na sisi wenyewe hatulijui mpaka tulitazame kwa pembeni. Msukuma hamlalamikii mgeni. Mgeni akikuuliza habari, unasema nzuri. Hata kama msiba uko ndani, kwanza unasema nzuri. Umemlisha, halafu umwambie una njaa? Ni kama kumdai alichokula.

Kwa hiyo dada akauliza, "Hali ya chakula ikoje?" Na wanaume wale wote, ambao kila jioni wanalia kwangu kwenye kisima kwamba watoto wamelala na maji, wakasema:

"Tunamshukuru Mungu."

"Siyo mbaya sana."

"Tunapambana, mheshimiwa."

Dada akatabasamu, akasema, "Hata mimi naona, mmetulisha vizuri kweli." Akaandika ubaoni. Nilisoma. Hali ya chakula: ya wastani, inaridhisha.

Ningesema, dada, hicho ulichokula kilikuwa mbegu. Maneno machache tu. Lakini Mayu alikuwa mbele yangu, mgongo wake umenyooka, kitambaa kimekaa vizuri kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana alikuwa amekaa kama mtu aliyempa mwanae chakula. Sikuweza kumvua hiyo nguo mbele za watu.

Hilo sikulisema. Nalisema hapa.

Akauliza kuhusu wanawake, wanashirikishwaje. Mwenyekiti akasema wanashirikishwa kikamilifu. Mama Shija, jirani yangu, ambaye Mungu alimnyima breki, akapaza sauti kutoka nyuma. "Tunashirikishwa kwenye kuni, mwenyekiti! Leo nimeshirikishwa mizigo miwili!" Darasa likalipuka. Hata dada alicheka mpaka akavua miwani. Mwenyekiti akasema, "Huyu mama tumemzoea," na Mama Shija akajibu, "Na mimi nimekuzoea, tuko sawa."

Nilicheka pia. Nakumbuka nilikuwa nacheka wakati swali lenyewe lilipokuja.

"Na mvua zinapokatika katikati ya msimu, mnahimilije? Vijana wanafanya nini?"

Mwenyekiti akasema, "Vijana wetu siyo wavivu. Wanajishughulisha. Wengi wanaenda Geita, kwenye dhahabu, wanasaidia familia."

Dada akatikisa kichwa kwa kukubali. Akageuka ubaoni. Akaandika, na mwandiko wake ni mzuri, hata wa nyuma walisoma: Uchimbaji mdogo wa madini, njia mbadala ya kipato kwa vijana.

Kisha pembeni akaweka alama ya vema.

Ile alama. Kama ya mwalimu kwenye daftari. Umepata.

Sijui nilisimamaje. Limi alikuwa amelala mgongoni, nilikihisi kichwa chake kimeanguka kwenye bega langu. Niliona tu kwamba watu wamegeuka na dada ananitazama, na nikajua kwamba nimesimama. Darasani palikuwa pametulia, na katika utulivu ule, naapa, nilisikia ko, ko, ko, nje mlangoni.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba mama. Karibu."

"Pale ulipoweka vema."

"Ndiyo?"

"Mume wangu alifia hapo."

Sikupanga kusema hivyo. Nilitaka niseme alisafiri. Nilitaka niseme hatujamwona. Lile neno lilitoka lenyewe, neno ambalo kwenye nyumba yetu hata kwa kuku hatukulitumia, tulisema kuku amelala.

Mwenyekiti aliinuka nusu. "Mama Limi, wageni wana safari. Mambo ya nyumbani tutayaongea nyumbani."

"Siyo ya nyumbani, mwenyekiti. Ameyaandika ubaoni."

"Unatuaibisha."

Dada akamwonyesha mkono, taratibu, kwamba akae. Akaniambia, "Endelea mama."

Nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Nilimwambia kwamba hakwenda kule kwa kupenda dhahabu. Hakuna anayeacha shamba lenye mahindi mabichi akaingie shimoni. Wanaondoka wiki ile mahindi yanapokauka, wote, utawaona barabarani na viroba vyao. Wanatafuta mbegu ya kurudia. Mwaka ambao mahindi yanashika hakuna anayekwenda mwezi wa kumi na mbili. Nikamwambia mbegu inakuja mara moja na sisi tunapanda mara mbili, na ile mara ya pili hakuna aliyewahi kutuuliza tunaitoa wapi. Tunaitoa shimoni, nikasema. Sasa wewe ukiandika ni njia mbadala na ukaweka vema, huko juu watasema safi, wakulima wa Shinyanga wana pa kwenda, na mbegu ya pili haitakuja kamwe.

Nikakaa.

Hakuna aliyepiga makofi, usifikiri. Watu waliangalia chini. Nilikuwa nimemlalamikia mgeni na sahani hazijaoshwa. Kisha mzee mmoja ambaye huwa hasemi mikutanoni akakohoa na kusema, "Andika mbegu ya pili, mwanangu. Yule binti hajaongopa." Mama Shija akasema, "Na mimi kaka yangu yuko huko huko tangu mwaka jana, hajapiga simu tangu mwezi wa kumi. Andika." Kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka alipoongea.

Dada akarudi ubaoni na kalamu yake. Akaikata ile alama kwa mstari. Akafikiri, akakata na maneno. Akaandika chini yake: Wakulima wanahitaji mbegu ya kupanda upya mvua inapokatika. Wasipoipata, vijana huingia machimboni, na wapo waliokufa. Akatusomea kwa sauti. Akauliza, "Ni hivyo?" Watu wakaitikia, ndiyo, ndiyo hivyo.

Nikamuuliza kama itafika. Hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu. Alisema, "Mama, mimi naandika. Wanaosoma ni wengine, na wanaokata ni wengine. Nitaipeleka kama ilivyo." Macho yake yalikuwa mekundu, labda ni vumbi.

Na Mayu?

Mayu hakugeuka. Tangu niliposema lile neno mpaka mkutano ulipofungwa kwa sala sikuuona uso wake. Niliona mgongo tu, na mgongo ule ulikuwa umenyooka vile vile, lakini kama ukuta uliobaki baada ya nyumba kuanguka. Tulipotoka alinipita. Nikamwona anaelekea kwenye gari la wageni, anatembea upesi, kitenge kinaburuzika. Nikajua anakwenda kuwaomba radhi kwa ajili yangu. Anakwenda kuwaambia, mkwe wangu amechanganyikiwa, mwanangu yuko hai. Sikuwa na nguvu ya kuangalia. Nilibeba sufuria nikaenda nyumbani.

Hakunisemesha jioni ile. Hakunisemesha jana. Aliweka maji ya kuoga ya Limi, akamsuka nywele, akanipita kama ninavyolipita jiko. Jana nilipitia shambani. Mahindi ya ruzuku ukiyagusa yanavunjika kama karatasi. Nikawaza, nimepoteza mume, nimepoteza mbegu, sasa nimempoteza na Mayu, na yote ni kwa sentensi moja kwenye karatasi ambayo labda imeshakunjwa kwenye kiti cha nyuma cha gari.

Usiku nilimsikia tena. Ko, ko. Sikutoka. Nilimwambia kimoyomoyo, nisamehe, nilikuwa sijui namna nyingine ya kukutetea.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika ndipo Mayu akatoka.

Nimeacha simu kidogo, sasa nimerudi. Acha niandike haraka, chaji inaisha.

Alitoka, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Alikuwa hajala. Akasema, "Yule binti wa miwani. Huwa hawaandiki majina. Ameniambia hivyo."

Nikasema, "Mayu, naomba unisamehe."

Akanyoosha kiganja, ninyamaze. "Nilimwambia, hujamaliza kuandika. Umeandika wapo waliokufa. Wapo, wapo, kama ng'ombe. Nikamwambia wangu ana jina. Akasema mama, haturuhusiwi. Nikashika mlango wa gari."

"Ulishika mlango?"

"Dereva akawasha, nikashika. Nikamwambia mimi ndiye niliyekulisha. Sikudai chakula changu, nadai jina la mwanangu. Akatoa karatasi, akaandika. Masanja. Nikamtajia na la baba yake, na la babu yake, asije akachanganywa na Masanja wengine. Nikamwambia nisomee. Akanisomea."

Nilimwangalia mama huyu mdogo wa mwili, mwenye mikono iliyopasuka, ambaye alimdai mgeni. Mayu, aliyedai.

Limi akaja akamwegemea magoti. Mayu akamshika kichwa, akasema, lakini si kwa Limi, wala si kwangu, "Hana kaburi. Nimehangaika mwaka mzima, sijui nimwekee wapi. Sasa yuko kwenye ile karatasi. Wakiikata, watakuwa wamemfukua mwanangu."

Ndivyo alivyosema. Nayaandika kama alivyoyasema, ili na yule atakayeshika kalamu ya kukata ayasome kabla hajakata, kama dunia ina njia ya kumfikishia maneno ya mama wa huku kwetu.

Kisha akaniambia nimtume mtoto wa Mama Shija kwa kaka yake Masanja, na kwa mchungaji, na kwa dada yake Mayu aliyeko Kolandoto. Watu waje. Nimeshamtuma.

Sijui mvua itarudi lini. Dada yake Mayu huwa analima mtama, labda atakuja na wa kutupa, na mtama unavumilia kuliko mahindi. Nitaupanda. Nikimaliza nitakwenda ofisi ya kata kuuliza kama maneno yetu yamefika Dodoma. Wakisema hawajui, nitarudi wiki inayofuata na kuuliza tena, na Limi mgongoni, mpaka wanizoee kama mwenyekiti alivyomzoea Mama Shija. Nina umri mdogo. Muda wa kuuliza ninao.

Lakini hayo si ya leo. Mayu ameshuka kwenye kigoda, amekaa chini kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele, na amevua kitambaa cha kichwani. Sikujua kwamba nywele zake zote zimekuwa nyeupe. Ameanza kulia, kwa sauti ndogo kwanza, kama mtu anayejaribu kukumbuka wimbo.

Naweka simu chini. Naenda kukaa naye.